Kitu Kimoja Unachokipenda

Siku hizi ukitaja yoga, watu hufikiria mkeka, suruali ya kubana na mtu aliyejikunja mpaka kisigino kikakaribia sikio. Mimi sijawahi kujikunja. Yoga niliisoma kwenye kibaraza cha nyumba ya mabati mjini Nyeri, nimevaa sweta mbili, na muda wote huo mwalimu wangu hakuwahi kuniambia ninyooshe hata kidole. Tulichosoma ni maneno ya kale, mistari mifupi mifupi ya Kisanskriti. Kuhusu mwili inasema kidogo sana, kwamba ukae vizuri usihangaike. Mengi ya yaliyobaki ni habari ya akili, jinsi inavyozurura na jinsi ya kuituliza.

Sikuyasoma kwa kupenda elimu, wala sikuwa natafuta dini nyingine. Nilikuwa Mkristo na bado ni Mkristo, hata Jumapili hii nilikuwa kanisani kama kawaida. Niliyasoma kwa sababu nilitaka kumtoa mama yangu katika thingira ya ndugu yangu, na njia nyingine zote zilikuwa zimeshindikana.

Thingira ni nyumba ya mwanamume. Kwetu, kijana akishatahiriwa halali tena kwa mama yake, hujengewa yake mwenyewe humo bomani. Ndugu yangu mkubwa alikuwa na thingira yake kule tulikotoka, kwenye mteremko mmoja huko Tetu, akatoka humo siku moja na kuingia msitu wa Nyandarua kupigana na wakoloni. Mimi nilikuwa msichana mdogo wa kuchunga mbuzi. Baada ya hapo askari walichoma nyumba zetu, tukapelekwa kuishi katika kijiji cha lazima chenye handaki na miba, na kutoka huko hatukurudi tena Tetu. Ardhi iligawanywa upya, pahali petu pakawa pa watu wengine. Uhuru ulipokuja baba alipata shamba la skimu, mpango wa serikali wa kugawia watu ardhi, karibu na Mweiga, shamba lililokuwa la mzungu. Akajenga, akapanda viazi, akafa.

Kwa hiyo ndugu yangu, hata kama angetoka msituni akiwa hai, asingejua tuko wapi. Jambo hilo lilimtafuna mama kuliko habari za kifo, ambazo hakuna aliyezithibitisha. Wapiganaji walipotoka msituni wakati wa uhuru, mama alisimama uwanjani Nyeri kutwa nzima akiwaangalia mmoja mmoja, wanaume wenye nywele za kusokotana na ngozi za wanyama mwilini. Wengine aliwashika kidevu akawageuza uso kwenye mwanga. Mmoja alimwambia alimwona mwanawe akivuka kwenda upande wa Mlima Kenya. Mwingine alimwambia kijana alipigwa risasi huko juu penye baridi, wakamwacha. Mama alimshukuru wa kwanza, wa pili akampa mgongo.

Tulipohamia Mweiga, kitu alichodai kijengwe mara tu baada ya nyumba ya kulala ni thingira ya mwanawe. Thingira ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga shamba lile! Aliipaka sakafu samadi kwa mikono yake, akaweka kitanda, na kila jioni akawasha moto ndani ili moshi uonekane kutoka ukingo wa msitu. Kila mavuno alibeba kiondo cha viazi mpaka Tetu kwa wale waliopewa ardhi yetu, ili wakimwona kijana amesimama hapo ameduwaa wamwelekeze Mweiga. Watu wale walimwonea huruma, wakala viazi.

Moto ukiwaka, mama aliketi kando yake akisuka viondo na kutega sikio. Mbwa akibweka, alikuwa ameshafika langoni. Mpita njia yeyote mwenye mvi alihojiwa. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande, na mwili ukaanza kumwisha. Tulimwambia, akatujibu kwa ukali, maana alikuwa na ulimi mkali, na mimi niliurithi wote.

Aliyeishi naye pale alikuwa ndugu yangu mdogo, kitindamimba wetu, aliyekamua ng'ombe na kupeleka maziwa kituoni kwa baiskeli. Mama mara nyingi alimwita kwa jina la yule aliyepotea, kisha akajirekebisha kwa hasira utadhani kosa ni la kijana. Alipopata mchumba, wazazi wa msichana walikuja kuona boma. Wiki iliyofuata ndugu yangu alikuja kunitafuta Nyeri, nilikokuwa mwalimu.

"Dada, hii mambo imenichosha," alisema kabla hata hajaketi. "Waliniuliza ile nyumba katikati ya boma ni ya nani. Nikasema ni ya ndugu yangu. Wakauliza, ako wapi? Ati nijibu nini?"

"Ungewaambia ukweli."

"Ukweli gani? Wewe unakuja na mkate, unarudi Nyeri. Mimi ndiye niko na yeye kila siku. Nataka kujenga nyumba ya mawe, na mahali pa kujenga ni hapo tu, kwingine kote ni mteremko. Nikivuna viazi vya mwaka kesho, nabomoa."

"Ukibomoa atakufa."

"Basi mtoe wewe. Si ndiye umesoma?"

Aliondoka bila kumaliza chai. Nilikasirika naye wiki nzima, nikijua hana kosa.

Sasa, katika shule niliyofundisha kulikuwa na mzee mmoja Mhindi. Shule ile ilikuwa ya watoto wa Kihindi kabla ya uhuru, na mimi nilikuwa miongoni mwa walimu Waafrika wa kwanza kupewa kiti katika ofisi ya walimu, kiti kilichokuwa karibu na dirisha lisilofungika. Mzee alifundisha hesabu. Alikuwa mwembamba, amefiwa na mkewe zamani, na alivaa koti moja la kijivu jua na mvua. Wakati wa chai, sisi wengine tukiwasema watu, yeye aliacha kikombe kipoe huku midomo yake ikichezacheza bila sauti.

Mimi ni mtu wa kuuliza. "Mwalimu, unaomba?"

"Hapana. Nasoma."

"Kitabu kiko wapi?"

Akagusa koo lake. "Iko hapa."

Nilicheka, nikawachekesha na wenzangu. Alikuwa ameyashika maandishi hayo yote kichwani tangu utotoni, kwa baba yake, na kila siku aliyapitia tangu mwanzo hadi mwisho. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, na mwanzoni nilidhani mtu anayesema hivyo hawezi kuwa na fikira nzito. Kumbe nami Kisanskriti changu kingekuja kuwa kibovu kuliko Kiswahili chake.

Jumatatu baada ya ziara ya ndugu yangu, nilimwuliza kama kusoma kwake kunaweza kumsaidia mtu ambaye hawezi kuacha kuwaza jambo moja. Nilimweleza habari za mama na thingira. Alisikiliza mpaka kengele ikalia, na akaendelea kuketi, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa darasani.

"Hii yote nasema habari hiyo hiyo," alisema. "Habari ya kichwa nakataa kusimama. Kuja Jumamosi."

Nilienda nyumbani kwake nikitarajia kupewa maana, niifunge kwenye leso nikampe mama. Sikupewa. Desturi yao ni kwamba maneno yaingie mdomoni kwanza. Alitamka mstari, nikaurudia. Sauti ikipanda mahali isipotakiwa, alinyanyua kidole, tukaanza upya. Mistari yenyewe ni mifupi, mmoja unamalizika kwa pumzi moja, na wenyewe huita maandishi ya namna hiyo nyuzi. Jumamosi zilipita, msimu wa baridi ukaja na ukungu wake, na mimi bado nilikuwa natamka nisichokijua. Siku moja uvumilivu ulinishinda.

"Mwalimu, hata kasuku angekuwa ameambiwa maana kufikia sasa!"

"Kasuku hapana uliza," alinijibu. "Ndiyo sababu yeye nasoma vizuri kuliko wewe."

Nilisusa. Wiki iliyofuata nilirudi, kwa sababu viazi vya Mweiga havikuwa vikinisubiri mimi.

Maana ilipoanza kuja, ilikuja polepole, na ilinikasirisha zaidi. Kwanza tulikwama kwenye kile kitu chenyewe kinachotakiwa kutulizwa. Leo alikiita kichwa, kesho moyo, siku nyingine roho. Nilimwambia hivyo ni vitu tofauti kabisa. Alisema kwao ni kimoja na kina jina lake, ila Kiswahili kimekigawa vipande, basi nitumie kipande chochote nikijua kwamba si chenyewe. Halafu tukafika mahali ambapo mienendo ya akili inatajwa, ile inayopaswa kutulia. Kujua kumo. Kukosea kumo. Kuwaza visivyokuwepo, usingizi. Na mwisho, kumbukumbu.

"Kumbukumbu iwekwe kundi moja na makosa?" nilimwuliza. "Mama anamkumbuka mtoto wake. Hilo nalo ni kosa?"

"Hapana sema kosa. Nasema inatembea. Hata kujua natembea."

"Na kumbukumbu ikiacha kutembea, nani atawakumbuka waliokufa msituni? Ninyi Wahindi mlikuwa mmefunga milango ya maduka yenu wakati ule."

Nilisema hivyo, na sikujuta, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakukasirika. Aliinuka akaenda ndani kuchemsha chai ya tangawizi, akarudi akanimiminia, kisha akatamka mstari uliofuata. Nilimchukia kwa utulivu ule. Nikifikiri sana, nadhani niliutaka.

Mwaka huo yeye mwenyewe alikuwa matatani. Mwanawe alikuwa na duka la vitambaa barabara ya chini, na kwa kuwa hawakuwa raia, leseni ilikataliwa, kama ilivyokuwa kwa wengi wao siku zile. Walikuwa wakijiandaa kuhamia Uingereza, nchi ambayo mzee hakuwahi kuiona. Kila Jumamosi nilipokwenda, kitu kimoja kilikuwa kimeondoka kibarazani. Mara bembea ya mbao, mara jiwe la kusagia, mara sufuria za shaba. Yeye alitazama pahali palipobaki wazi, kisha akanitazama mimi, tukaendelea. Ndipo akanifundisha jambo ambalo bado silijui kama ni zuri au baya.

Alisema akili iliyotawanyika haiwezi kutulizwa kwa nguvu. Inapewa kitu kimoja cha kushika. Kila ikikimbia unairudisha kwenye hicho kimoja, bila kugombana nayo, na mengine yote unayaacha yapite.

"Kitu gani?" nikauliza.

"Kitu yoyote wewe napenda."

"Chochote?"

"Yoyote. Kitabu nasema hivyo. Kukimbia, rudisha. Kukimbia, rudisha."

Mimi nilichagua kilele cha Mlima Kenya kinavyoonekana asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Nilijaribu chumbani kwangu kabla ya kwenda kazini. Kilele kilikaa kidogo tu, halafu ndugu yangu mdogo akaja na nyundo yake, halafu mama, halafu madaftari ambayo sijasahihisha. Lakini baada ya majuma kadhaa niliona kwamba hasira ilikuwa ikija nami naiona inavyokuja, kama mtu anavyomwona mgeni tangu akiwa barabarani. Nikapiga moyo konde. Nikamwambia mzee kwamba naenda kumfundisha mama.

Alikunja uso. "Dawa hii mtu nakunywa mwenyewe. Hapana weza kumtilia mwingine mdomoni."

"Mwalimu, mama yangu hatajifunza kutamka Kisanskriti akiwa na meno matatu."

"Ndiyo. Kwa hiyo ngoja."

Sikuwa na muda wa kungoja. Viazi vilikuwa vimeshatoa maua.

Nilimkuta mama katika thingira, moto umewaka, kiondo mapajani. Nilimwita kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikuyu, "Maitu, weka kazi chini. Keti vizuri."

"Nimeketi hapa tangu tuhamie. Leo ndiyo umekuja kunifundisha kuketi?"

Lakini aliweka kiondo chini. Nadhani alikuwa amechoka kuliko tulivyojua. Nilimweleza kwa Kikuyu chepesi, bila kutaja Wahindi wala vitabu vyao, maana angedhani nimelishwa kiapo cha kuingia dini yao. Nilimwambia achague kitu kimoja, kitu anachokipenda, akiweke mbele yake. Akili ikienda langoni, airudishe. Ikienda Tetu, airudishe. Hofu ikija asibishane nayo, aiache ipite kama wapita njia wanavyopita.

Alifikiri. "Kitu chochote?"

"Chochote, maitu."

"Na mengine yote yapite?"

"Yapite."

Akafunga macho. Uso wake, uliokuwa umekazana tangu nikiwa mtoto, ulilegea mbele yangu. Nilitoka nje nikasimama kando ya mkebe wa maziwa nikalia kwa furaha.

Sitii chumvi. Ndani ya msimu mmoja mama alibadilika. Alilala usingizi mzima. Alikula. Mbwa walibweka na yeye hakuinuka. Wapita njia walipita bila kuhojiwa. Mavuno yalipofika hakupeleka viazi Tetu, wala hakusema kwa nini. Moto bado aliuwasha, ila hakuutazama tena mlango. Kiondo alichokuwa akikisuka siku ile kilibaki nusu, kimeangikwa kwenye msumari, nyuzi zikining'inia, na nilipokiona nilifurahi kwamba mikono yake imepumzika.

Ndugu yangu alinikumbatia, yeye ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia. "Umemponya. Sasa hata jina langu hakosei."

Nilirudi Nyeri nimejaa majivuno. Nilimweleza mzee kila kitu, na labda nilitaka anisifu. Nyumba yake ilikuwa tupu kufikia hapo. Tulikaa juu ya masanduku.

"Yeye alichagua kitu gani?" aliniuliza.

"Sijui. Moto, nadhani. Au pumzi."

"Hapana uliza?"

"Sikuuliza."

Alifungua mdomo kusema, kisha akaacha. Hilo sijamsamehe. Angesema.

Siku ya kuondoka kwao nilikwenda kuwaaga. Alinitaka niyatamke yale maandishi yote mbele yake, kibarazani, huku mwanawe akihangaika kufunga mizigo kwenye gari. Niliyatamka. Alinyanyua kidole mahali pamoja tu, nikarudia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaingia nyumba ile tupu, akafunga madirisha yote, akatoka, akafunga mlango kwa kufuli, akautikisa, akatia ufunguo mfukoni mwa lile koti la kijivu. Mwenye nyumba mpya alikuwa amesimama pale pale, mfanyabiashara kutoka Karatina, akingoja kukabidhiwa. Sote tulimwona mzee akiingia garini na ufunguo. Hakuna aliyethubutu kumwomba. Kesho yake yule mfanyabiashara alivunja kufuli kwa nyundo, na mimi nikatembea hadi shuleni nikimwonea uchungu mwalimu wangu, aliyenifundisha kuachilia.

Kisha ikaja Jumamosi ya kubomoa. Ndugu yangu alikuja na wenzake wawili wa kituo cha maziwa, wamebeba mitaimbo na shoka. Walisimama mbali kidogo, kwa heshima na kwa woga, kwani kila mtu pale alimjua mama. Niliingia peke yangu. Alikuwa ameketi mahali pake, mikono juu ya magoti, na moto ulikuwa umezimika.

"Maitu, wamekuja."

"Nimewasikia. Waambie wabomoe."

Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, hata kupigana. Badala yake nikauliza, "Hutasikitika?"

"Nyumba ya nini tena? Simngojei hapa."

Nilimshika mikono. "Humngojei tena? Umemwacha apumzike?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekosa swali rahisi. "Nimwache? Si wewe uliniambia nichague kitu kimoja nikipendacho nikishike? Nilimchagua yeye. Ningemchagua nani?"

Niliiachia mikono yake.

"Mwanzoni alikuwa anaponyoka," aliendelea, kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Nilikuwa namngoja kwa kelele, mara mbwa, mara lango, mara njaa, mara kijana na nyumba yake. Uliniambia nirudishe, nikarudisha. Sasa haponyoki. Nyumba sina haja nayo, na moshi sina haja nao. Namwona wakati wote."

"Na sisi, maitu?"

"Nanyi mnakuja," alisema. "Wewe unakuja, mdogo wako anakuja, hata baba yenu huja. Nawaacha mpite, kama ulivyoniambia."

Nilitoka. Ndugu yangu aliniuliza kwa macho, nikamwashiria aendelee. Nguzo za mtarakwa, mti usiooza upesi, zilikuwa bado nzima, ikawabidi wazikate kwa shoka. Mama alitoka mwenyewe kwa miguu yake, akaenda kuketi kwenye jiwe kando ya zizi, akageuka upande mwingine, wala hakutazama nyuma paa lilipoanguka. Wale vijana walisema hawajawahi kuona mzee mwenye hekima namna ile.

Harusi ilikuwa nzuri. Mama aliketi mbele na leso mpya, akapokea mikono ya watu, akatabasamu. Nyumba ya mawe ilijengwa, akapewa chumba chenye dirisha. Hakumwita tena ndugu yangu kwa jina lisilo lake, na baadaye nikagundua kwamba hakumwita kwa jina lolote. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa alimpakata, akamwangalia, akamrudisha kwa mama yake taratibu, kama unavyorudisha kikombe ulichoazimwa. Alikula akipewa. Aliyemsalimu aliitikiwa. Ule ukali wake wote, ule uliotulea, hatukuusikia tena.

Miaka kadhaa baadaye ndugu yangu alinisindikiza kwenda kupanda gari la Nyeri, akasukuma baiskeli kimya njia nzima. Tulipofika barabarani akasema, "Juzi nilichelewa kukamua mpaka ng'ombe wakaanza kulia. Mama alikuwa ameketi pale. Hakunigombeza." Alifuta uso kwa mkono. "Nilitaka nyumba, dada. Hii sikutaka."

Nimewaza sana kuhusu maandishi yale. Wako watakaosema sikuyaelewa, nikachukua kipande cha mwanzo nikaacha kilichobaki, kwamba hata kile kitu kimoja mwishowe nacho huachwa. Najua. Mstari huo ninao kooni kama mingine yote. Lakini nani angekwenda kumwambia mama hatua inayofuata, kwamba sasa amwachilie na huyo? Mimi singeweza, na hata ningemwambia, hakuna cha kunifanya niamini kwamba angesikia kitu zaidi ya sauti ya mtu anayepita. Wala sikubali kwamba nilifanya vibaya kwenda pale. Alikuwa anakufa kwa kutolala. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, bila maumivu, na alikufa kitandani mchana, ndugu yangu akiwa amemshika mkono mmoja na mimi mwingine. Alitazama katikati yetu, penye ukuta, akatabasamu.

Bado nayatamka maandishi yale kila asubuhi, mwanzo mpaka mwisho, na mahali pale pamoja bado naona kidole kikinyanyuka. Nikimaliza naketi kidogo. Nachagua mlima, naurudisha ukitoroka. Kila siku, kabla mawingu hayajapanda, mama huja, na kiondo chake nusu mapajani, uso umekazana, ananigombeza kwa nini nimechelewa. Najua ninachotakiwa kufanya, nilimfundisha mwenyewe. Simwachi apite.